Nilisema Sawa, Mkuu Akasikia Ndiyo

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujachukua kalamu, maana najua ukifika katikati utataka kunigombeza, na wiki hii nimegombezwa vya kutosha, nyumbani na kazini.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, naishi Buswelu, nafundisha chuo kimoja cha biashara hapa Mwanza ambacho sitakitaja. Somo langu linaitwa mawasiliano baina ya tamaduni, na usicheke, wengi hucheka, hata mama mkwe wangu aliposikia aliniuliza kama kweli kuna wazazi wanaolipa ada ili mtoto mkubwa mwenye ndevu afundishwe kuongea. Nawafundisha vijana watakaokuja kununua na kuuza kwamba Mkerewe, Mjaluo wa Shirati, Mhindi mwenye duka mjini na mnunuzi wa samaki aliyeshuka kwenye ndege jana wanaweza wote kutamka neno moja na kila mmoja akawa anasema lake. Nimefundisha miaka tisa na nalipenda somo hili, nasema wazi.

Sasa kitabu tunachotumia kililetwa na washirika wa chuo kutoka ng'ambo, na ndani yake kuna ukurasa wenye jedwali, kushoto maneno ya Kiswahili, kulia maana yake katika biashara, na hapo pameandikwa kwamba "sawa" maana yake mteja amekubali. Mshauri, wewe unaishi nchi hii, hakuna mtu hapa ambaye fundi cherehani hajawahi kumwambia sawa, Jumamosi gauni litakuwa tayari. Ndiyo maana kila mwaka nikifika ukurasa ule nafunga kitabu, nawaambia wanafunzi wafunge cha kwao, na tunatumia vipindi viwili vizima kuzisikiliza sawa. Kuna sawa ya nimekubali, hiyo inakuja haraka na swali nyuma yake, sawa, tuanze lini. Kuna sawa ya nimekusikia, basi. Kuna ile inayovutwa, sawaaa, maana yake ondoka kwa amani. Kuna "sawa tu", ambayo mke akimwambia mume, mume mwenye akili hatoki nyumbani siku hiyo. Wanafunzi wanacheka lakini wanaandika, na mkuu wa chuo, Bwana Nestory, amepita dirishani mara nyingi akasikia na hajawahi kunikataza.

Mwezi uliopita tulikuwa na mtihani wa vitendo, na badala ya kukaa darasani tukaigiza, niliomba twende soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, kwa mfanyabiashara wa dagaa ninayemfahamu, Mzee Shimba, mtu mzima wa heshima zake, akakubali wanafunzi waje mmoja mmoja wazungumze naye kama wanunuzi wa kweli. Kazi yao ilikuwa moja tu, kujua kama Alhamisi ya wiki ile ataweza kutoa magunia arobaini ya dagaa wakavu. Mtahini alitoka Dar es Salaam, Bwana Pius, na fomu yake mkononi, na fomu inataka mwanafunzi amtazame mteja machoni, apate jibu la wazi, na amalize ndani ya dakika kumi.

Akaanza Nathaniel, kijana mwerevu, amefunga tai. Akamsalimia mzee, akauliza kama Alhamisi magunia yatakuwepo, mzee akasema sawa, Nathaniel akashukuru, akampa mkono, akaondoka. Dakika nne. Bwana Pius akampa tisini na mbili.

Akaja Mhoja, binti ambaye mama yake anauza dagaa kwa kopo soko la Igoma. Alipiga goti kidogo, akamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka baba, akaulizwa kwao wapi, akajibu, akaulizwa mama hajambo, akajibu, macho ameyateremsha kama binti yeyote aliyelelewa anavyofanya mbele ya mzee, kisha ndipo akauliza swali la Alhamisi. Mzee akasema sawa. Mhoja hakuondoka. Aligeuza ndoo, akaikalia, akauliza, "Baba, mwezi umefika wapi?" Kama wewe si mtu wa ziwani nikueleze kwamba dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika na mzigo kutoka visiwani hauji. Mzee akasema, "Umekaribia kujaa, mwanangu." Mhoja akauliza, "Basi Alhamisi nije na gari saa ngapi?" Mzee akatazama pembeni, akajikuna shingo, akasema, "Gali? Ah, gali acha kwanza. Uje mwenyewe uangalie." Mhoja akamwambia atarudi mwezi ukishapungua, mzee akafurahi, akamfungia na dagaa kidogo ampelekee mama. Dakika kumi na nane. Kwenye karatasi yake binti akaandika: Hana mzigo wa Alhamisi. Bwana Pius akampa thelathini na moja, kwa sababu hakutazama machoni, alizidisha muda, na alipewa jibu la ndiyo akaandika hapana.

Nilimfuata Bwana Pius palepale kati ya magunia, nikamweleza, akanisikiliza kwa upole kabisa, akasema, "Mwalimu, hata mimi nimeelewa mzee alichosema. Lakini mimi nasahihisha fomu." Mshauri, bora angekuwa hajaelewa. Nikamvuta Nathaniel pembeni, nikamuuliza kama kweli aliamini mzigo upo, akaniangalia kwa huruma akanijibu, "Madamu, nilijua hana. Lakini fomu inataka ndiyo." Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira ile haijaisha mpaka leo ninapokuandikia, maana tunamchukua mtoto anayesikia vizuri, tunamfundisha kutosikia, halafu tunampa cheti.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe Mwaloni. Kibanda cha Mzee Shimba kimefunikwa turubai, gunia hata moja hakuna, yeye amekaa na wenzake anakunywa chai. Nikamuuliza kwa nini alisema sawa wakati anajua hana kitu. Akasema, "Mwalimu, mtoto wa watu amekuja na karatasi, mgeni amesimama nyuma yake na kalamu, mimi nimwambie sina mbele ya mgeni? Si ningemwaibisha?" Nikarudi chuoni moja kwa moja, nikafungua kompyuta, na kwenye jina la Mhoja nikafuta thelathini na moja nikaweka themanini na moja. Basi, nimesema, na kama ni kosa ni kosa, lakini mkono haukutetemeka.

Siku ya nne wakagundua. Bwana Nestory akaniita, akanieleza kwamba kugusa alama za mtahini ni kosa kubwa, kwamba zimesharudishwa kama zilivyokuwa, na kwamba ili yaishe kimyakimya niandike barua ya kumwomba radhi Bwana Pius na kukiri kuwa zile thelathini na moja zilikuwa za haki, vinginevyo mkataba wangu unaoisha mwezi huu hautaongezwa. Na barua hiyo ikishaingia kwenye faili, Mhoja hana pa kukata rufaa tena, atarudia mwaka mzima, na mama yake hana uwezo wa mwaka mwingine. Nikasimama pale nimekauka. Akauliza, "Tumeelewana, mwalimu?" Nikasema, "Sawa, mkuu." Nikatoka.

Kesho yake kwenye kikao cha walimu akatangaza kwamba mwalimu wa mawasiliano amekubali kuandika barua, wenzangu wakapiga makofi, Dorotea wa uhasibu akanikumbatia akasema umefanya jambo la kiutu uzima. Mshauri, mimi sikukubali. Nilisema sawa. Nilisema ile ya nimekusikia, na wakaisikia ile ya kitabuni. Mume wangu anasema andika yaishe, watoto wanasoma. Mhoja mwenyewe hajaniomba kitu, juzi tulikutana kwenye ngazi, akaniamkia, nikaitikia, akapita.

Barua inatakiwa Jumatatu na siiandiki. Hilo nimeshaamua, usijisumbue kunibembeleza. Ninachotaka uniambie ni kimoja tu: je, nimevunja ahadi, au ni wao waliokosea kusikia? Niandikie hapa kwamba sawa yangu haikuwa ndiyo, nikate kipande cha gazeti nikakibandike kwenye ubao wa matangazo wa walimu, wasome wote.

Mwalimu wa Sawa, Buswelu

* * *

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Kipande hiki usikibandike popote kabla hujakimaliza, maana hakitakupendeza chote.

Kwanza pole, na nakupa pole ya kweli. Mimi nimeolewa miaka thelathini, na kama kila sawa niliyosema humo ndani ingekuwa ndiyo, leo ningekuwa nafuga bata mia mbili na kuishi na mawifi watatu. Jedwali la kitabu chenu halina maana, na aliyeliandika hajawahi kushonesha gauni. Huyo Mhoja ningemwajiri kesho. Aliuliza habari ya mwezi, akauliza habari ya gari, na mwishoni mzee akamfungia dagaa wa mama. Ukitafuta mtu aliyefaulu mtihani wa kuelewana na watu pale Mwaloni siku ile, ni yeye peke yake.

Sasa tugombane. Ulikuwa na Mzee Shimba aliyekwambia kwa mdomo wake kwamba hakuwa na mzigo, ulikuwa na karatasi ya binti, ulikuwa na kibanda kilichofunikwa turubai siku yenyewe ya Alhamisi, na ulikuwa na mtahini aliyekiri mbele yako kwamba alielewa. Huo ni ushahidi wa kumtoa mtu jasho. Vyote hivyo ukaviacha, ukakimbilia kompyuta. Unajisifu mkono haukutetemeka, na mimi nakwambia ungetetemeka ingekuwa afadhali. Binti alikuwa ameshinda kwa haki, wewe ukamfanya aonekane amependelewa. Leo mtu akisikia kisa hiki haulizi kama Mhoja alimwelewa mzee, anauliza wewe na Mhoja mna undugu gani. Hilo umemfanyia wewe, si Bwana Pius.

Unaniuliza kama umevunja ahadi. Miaka tisa unafundisha jambo hili na unakuja kuniuliza mimi? Hebu tuitazame hiyo sawa yako kama mnavyozitazama darasani. Mzee Shimba alisema sawa akabaki amekaa. Alipoulizwa zaidi alijibu zaidi, na aliyetaka kujua akajua. Alikuwa anamfichia aibu mtoto wa mwenzake. Wewe sawa yako uliisema ukatoka papo hapo, na hukumwachia mkuu hata neno moja la kumwonyesha kwamba unakataa. Aibu ya nani uliyokuwa unaificha? Ile ilikuwa sawa ya woga, mwalimu. Sijaiona kwenye orodha yako, na nadhani najua kwa nini, maana mtu hasikii harufu ya nyumba yake mwenyewe. Mhoja aliiona. Alikuamkia pale kwenye ngazi akapita bila kukuuliza kitu, kwa sababu alijua ungemjibu sawa.

Usidhani nakucheka. Mkataba unaisha, watoto wanasoma, mtu mkubwa amekukazia macho, ulimi unakwenda wenyewe kwenye neno lisiloumiza. Hata mimi ulimi wangu ungekwenda huko huko.

Lakini kuna jambo ambalo hasira imekuzuia kuliona. Bwana Nestory alikuelewa. Unasema amepita dirishani kwako mara nyingi akisikia somo la sawa, na wewe unaamini kabisa kwamba alipokutazama umesimama umekauka, ukasema sawa mkuu na kutoka, alidhani umefurahi? Alikuelewa vizuri sana, ndiyo maana hakungoja hata wiki akakimbilia kikaoni kutangaza, ili makofi ya wenzako yaigeuze kuwa ndiyo. Amefanya alichofanya Nathaniel, amesikia hapana akajaza ndiyo. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta nani alikosea kusikia, hakuna aliyekosea. Neno sawa linatosha kati ya watu wanaotaka kuelewana, maana hao wataketi, watauliza, watangoja. Mbele ya mtu mwenye karatasi anayetaka sahihi yako, umempa nafasi tupu, na yeye ana kalamu.

Kwa hiyo sikupi kipande cha kubandika. Fanya haya.

Leo hii, kabla jua halijazama, mtafute Mhoja. Mwambie kwa kinywa chako kwamba uligusa alama zake, kwamba umemharibia, na umwombe radhi. Ni yeye anayestahili radhi yako ya kwanza. Kama anataka kukata rufaa, akate kwa jina lake, kwa maneno yake, na wewe umwelekeze tu afuate njia ipi. Usimsemee. Amekuonyesha kwamba anaweza kusema na mzee yeyote.

Kesho nenda Mwaloni, umwombe Mzee Shimba aeleze mbele ya mtu wa kuandika nini alimaanisha siku ile, kisha atie sahihi. Usimpeleke fomu. Mpe muda wake, mkaanzie kwenye hali ya nyumbani, atakwambia.

Kisha ukae uandike barua yako. Naam, barua utaandika, lakini si ile waliyokuagiza. Humo kiri kosa ulilolifanya, kwamba ulibadili alama bila ruhusa, na hilo liombee radhi bila kuzungukazunguka, maana ulilifanya. Kuhusu zile thelathini na moja andika kwamba hukubaliani nazo, eleza Alhamisi ulikuta nini, weka maneno ya mzee, na uombe mtihani upitiwe upya na mtu mwingine. Nakala yake iende kwa bodi ya chuo, ili isije ikapotea kwenye meza moja.

Mumeo mwambie kabla, asije akayasikia mtaani. Ana haki ya kuogopa, maana ndiye mtakayebanana naye mkataba ukikatika. Mweleze kwamba huombi ruhusa, unamwomba akae upande wako, na hapo nyamaza umsikilize. Akikujibu kwa "sawa tu", usitoke nyumbani, wewe mwenyewe umeshatufundisha.

Jumatatu ingia ofisini kwa mkuu. Mwamkie vizuri, mpe heshima yake yote, maana heshima haijamzuia mtu yeyote kukataa. Vuta kiti ukae. Mwambie hivi: "Mkuu, ulipouliza kama tumeelewana nilisema sawa, na wewe ukawaambia watu nimekubali. Sikukubali. Niliogopa kukwambia. Barua ile sitaiandika, na hii ndiyo niliyoiandika." Kisha nyamaza. Utatamani kulainisha, utatamani kuongeza labda, au tutaona, au Mungu akipenda. Usiongeze chochote. Akipandisha sauti, wewe yako ibaki ilipo. Na Dorotea akija kukukumbatia tena, mwambie na yeye, mbele ya watu.

Wanaweza kukunyima mkataba, mwalimu, sitakudanganya. Vyuo havikosi watu wa kusaini, na huenda mwezi ujao ukawa nyumbani Buswelu unatafuta kazi nyingine, na siku hiyo utanikasirikia mimi. Nikasirikie tu. Lakini wakikutoa, wakutoe kwa neno ulilosema wewe, wasikubakize kwa neno walilokusemea. Darasani kwako kuna watoto wa watu ambao umewafundisha kuisikia hapana hata ikifichwa chini ya magunia arobaini, na hawajawahi kukuona ukiitamka. Jumatatu uitamke.